Sauti ya Kogo Isifungiwe Maabarani

Nawaomba radhi mapema wale wanachama wenzangu ambao maneno yangu huenda yakawachoma. Sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na uamuzi mmoja ambao Chama chetu cha Kiswahili kinakaribia kuufanya, na nikinyamaza sasa sitakuwa na haki ya kulalamika baadaye.

Msomaji ambaye si mwanachama huenda asijue tunazungumzia nini. Mwaka jana tulianza kurekodi hadithi, vitendawili na methali kutoka kwa wazee wa vijijini mwetu. Mzee husimulia kwa Kikipsigis, nasi tunatafsiri kwa Kiswahili, kisha tunaweka pamoja picha yake, maandishi ya lugha zote mbili na sauti yake mwenyewe, ili mtu akibonyeza picha amsikie mzee akinena. Kazi ya namna hii, yenye sauti, picha na maandishi mahali pamoja, wataalamu huiita midianuwai. Mwalimu wetu mlezi alilipenda neno hilo mpaka akaliandika ubaoni kwa chaki ya rangi.

Mzee wa kwanza kurekodiwa alikuwa nyanya yangu. Sisi Wakipsigis nyanya twamwita Kogo, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Alitusimulia hadithi ya Chemosit, lile zimwi ambalo watoto wa huku hutishiwa nalo wakikataa kulala. Hadithi ilichukua dakika nne na sekunde kumi. Alituuliza mara mbili kama kile kitu kinashika sauti, tukamwambia kinashika.

Basi ikaja Siku ya Wazazi. Kogo alivaa kitambaa chake cha kanisani, akatembea kutoka kwetu mpaka shuleni, njia ya kukata katikati ya majani chai, ingawa usiku mvua ya mawe ilikuwa imenyesha na udongo unateleza vibaya. Tulimketisha mbele. Projekta ikawashwa, picha yake ikatokea ukutani kubwa kuliko mlango, wazazi wakapiga makofi. Kisha tukabonyeza ile alama ya spika. Kimya. Tukabonyeza tena. Kimya! Katibu akatingisha waya, mwenyekiti akatafuta spika nyingine, mimi nikaangalia viatu vyangu. Kogo alicheka tu, lakini mimi ninamjua. Alikuja kuisikia sauti yake, akaambulia kuiona sura yake, ambayo hata nyumbani anayo kwenye kitambulisho.

Sababu tuliijua baadaye. Kazi tulikuwa tumeitengeneza kwa PowerPoint ya 2007 iliyomo katika kompyuta za maabara yetu. Programu hiyo ya zamani, ukiipa faili kubwa ya sauti, haiimezi. Huandika tu kwamba sauti iko katika folda fulani, halafu wakati wa kuonyesha huenda kuitafuta huko. Sisi tulipohamisha kazi hadi kwenye laptopu ya ukumbini tulihamisha maelekezo, sauti tukaiacha maabarani. Kosa lilikuwa letu wenyewe, na ninaandika hivyo ili asilaumiwe mtu mwingine.

Tangu siku hiyo chama kimegawanyika kuhusu jukwaa. Nikisema jukwaa nina maana ya aina ya kompyuta au simu, pamoja na mfumo unaoiendesha na programu za kutengenezea kazi. (Mwalimu angependa niandike tarakilishi. Nitaandika kompyuta, kwa sababu ndivyo tunavyosema tukiwa foleni ya githeri.) Kuna wanaosema kazi ibaki kwenye kompyuta za maabara, ila tungoje shule ipate mpya. Kuna wanaotaka programu ya simu za Android, iwekwe kwenye Play Store ili dunia nzima ijue kwamba shule yetu ipo. Kuna wa tatu wanaosema video kwenye YouTube, mchezo umekwisha. Mpaka kamati iamue, rekodi za wazee haziruhusiwi kutoka maabarani. Hapo ndipo sauti ya Kogo ilipo hadi leo, kompyuta namba sita.

Maoni yangu ni kwamba makundi yote matatu yanaanza na swali lisilofaa. Yanauliza ni mashine gani iliyo bora. Swali la kwanza lingekuwa: nani atasikiliza, akiwa wapi, akiwa na kitu gani mkononi?

Jamani, shule yetu ni ya kutwa. Saa kumi na nusu jioni maabara inafungwa kwa kufuli mbili, na kila mmoja wetu anashika njia yake. Wako wanaoelekea vijiji vya wafanyakazi katika mashamba makubwa ya chai, wako wanaopitia kituo cha kununulia majani kumsaidia mama kubeba kikapu. Simu shuleni haziruhusiwi, na nyumbani kompyuta hakuna. Kwetu kuna simu moja ya kugusa, ya Mama, aliyoinunua bonasi ya chai ilipotoka, na kuna kabambe ya Kogo ya kubonyeza. Hivyo basi mahali tunapoweza kutengeneza kazi ni maabarani, kwenye Windows, na mahali watu watakapoisikiliza ni nyumbani, kwenye simu. Ni mahali pawili tofauti kabisa. Chama kinabishana kana kwamba ni lazima pawe pamoja, na hapo ndipo tulipopotea.

Hebu tuyatazame makundi. La kwanza ninalielewa, maana maabara ndiyo tuliyo nayo. Lakini kompyuta zetu zinatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Hata Windows 10 iliyokuja baadaye ilifikia mwisho wake Oktoba 2025. Kungoja kompyuta mpya ni kungoja kitu ambacho nacho kitazeeka. Isitoshe, sisi wa kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 ndio mkia wa 8-4-4. Tukifanya KCSE 2027 hatutaacha kidato nyuma yetu, tutawaacha ndugu zetu wa Gredi ya 10 na waliowafuata. Wao watafungua kazi hii na nini?

Sisemi hivi kwa kuogopa kivuli. Katika kabati la maabara kuna sanduku la santuri za masomo, zile sidii zinazong'aa, zenye picha za moyo zinazodunda na majaribio ya kemia. Ukizitia kwenye mashine, nyingine zinafunguka na nyingine zinatoa ujumbe kwamba zinahitaji Flash. Flash ilikuwa mfalme wa midianuwai. Michezo, katuni na masomo ya kompyuta duniani kote vilitengenezwa kwayo. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini haitaruhusiwa kwenye iPhone, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe yenyewe iliacha kuihudumia. Ndugu yake mkubwa, Director, iliyotumika kutengenezea sidii nyingi za miaka ya tisini, iliacha kuuzwa 2017. Waliotengeneza kazi hizo hawakuwa wajinga. Walichagua kilichokuwa bora siku hiyo, wakaitia kazi yao yote ndani ya chungu ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Scratch, ile programu ya MIT ambayo baadhi yetu tumeichezea, nayo ilikuwa imejengwa juu ya Flash. Wenyewe waliona mapema, wakaijenga upya kwa lugha ya kawaida ya kurasa za mtandao, na toleo hilo likatoka Januari 2019. Wangekawia, nayo ingekuwa sandukuni.

Kundi la pili, la Android, nusura linishinde kwa hoja, maana simu nyingi za kugusa huku ni za Android. Hapa Kenya mambo yalianza kupamba moto 2011 Safaricom ilipouza ile Huawei Ideos kwa karibu shilingi elfu nane, na tangu hapo zimeshuka mpaka vijijini. Lakini angalieni gharama upande wa kutengeneza. Programu ya kuundia, Android Studio, huomba kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache. Zetu zina 2. Kujiandikisha Play Store ni dola 25, na anayejiandikisha ni lazima awe na miaka kumi na minane. Tena Google hubadilisha masharti kila mara, na programu isiyofanyiwa marekebisho inaweza kuondolewa. Nani ataifanyia marekebisho mwaka 2030? Mwenyekiti wetu atakuwa ameoa.

La tatu, YouTube, ni rahisi kutengeneza na lina faida kwa ndugu zetu walio Nairobi au ng'ambo. Lakini video hula bando, na Mama yangu bando lake ni la kuongea na watu, hatalitumia kutazama hadithi ambayo Kogo humsimulia bure jikoni. Tena kuna jambo ambalo kamati haikuligusa. Kogo alikubali kurekodiwa kwa ajili ya watoto wa shule. Hakuna aliyemwuliza kuhusu dunia nzima. Mimi naona tungemwuliza kwanza, na tumwulize kila mzee peke yake.

Watu wa Kericho na Bomet hatuhitaji kufundishwa kwamba ukichagua mashine umechagua pia nani abaki nje. Mashine za kuchumia chai zimegombaniwa hapa miaka mingi, mpaka Mei 2023 kadhaa zikachomwa moto Kericho. Sitaki kuingia katika ugomvi huo, ni mkubwa kuliko mimi, na nyumbani kwetu umegawa meza. Ninalosema ni kwamba swali lile la 'na sisi je?' tunalijua vizuri likiulizwa na wazazi wetu, lakini katika chama tumelisahau.

Wako waliolikumbuka, na si lazima twende mbali. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wenye simu za kugusa hapa nchini walikuwa wachache. Ikawekwa kama orodha ndani ya kadi ya simu yenyewe, ikafanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Tuseme wangeingojea Kenya nzima inunue simu nzuri! Kampuni ya Eneza ya Nairobi ilitoa masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, huduma waliyoiita Shupavu 291, ambayo kabambe iliiweza. Na jirani zetu wa Tanzania, Ubongo wa Dar es Salaam, walipotaka kufundisha hesabu kwa katuni za Kiswahili, Ubongo Kids ikaanza 2014 kwenye televisheni, baadaye na redioni, kwa sababu huko ndiko watoto walikokuwa. Katuni zenyewe zilitengenezwa kwenye kompyuta. Waliotazama hawakuhitaji kuwa nayo.

Sasa nije kwenye pendekezo langu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimelijaribu.

Nasema tutengeneze maabarani, kwenye kompyuta hizi hizi kuukuu, lakini kile kinachotoka kiwe ukurasa wa HTML, unaofunguliwa na kivinjari chochote. Kivinjari kipo kwenye Windows, kipo kwenye simu ya Mama, kipo hata kwenye iPhone, kama kuna mtu huku kwetu anayo aje tumwone. Kuandika ukurasa wa namna hiyo hakuhitaji kununua programu. Notepad inatosha, na sauti inasafishwa kwa Audacity, ambayo ni ya bure. Intaneti haihitajiki, na hapa kwetu radi ikipiga si intaneti tu inayokwenda, hata stima.

Nilijirekodi mwenyewe nikisoma vitendawili vitano, nikatengeneza ukurasa, na mwalimu wa Kompyuta akanisaidia kuuhamisha hadi kwenye simu ya Mama kwa memori kadi. Kusema ukweli, mara ya kwanza nilidhani nimerudi Siku ya Wazazi. Maandishi yalitokea, picha hakuna, sauti hakuna. Mwalimu akanieleza kwamba simu za Android za siku hizi, ukifungua ukurasa kutoka kwenye hifadhi ya faili, mara nyingi hukipa kivinjari faili ile moja tu na kukikataza kugusa majirani zake walio kwenye folda hiyo hiyo. Ni ugonjwa ule ule wa maelekezo bila sauti! Dawa yake ni kuifanya sauti na picha ziandikwe kama herufi ndani ya ukurasa wenyewe, ili kila kitu kiwe faili moja. Inanenepa kwa thuluthi moja, lakini hakuna kinachoachwa nyuma. Nikafanya hivyo. Mama alibonyeza picha ya kinyonga, akanisikia nikisema 'Kitendawili', akaitika 'Tega' kabla hajafikiri.

Kuhusu unene nimepiga hesabu, na hapa naomba wale wa kundi la video wanisikilize. Hadithi ya Kogo kama ilivyo sasa, faili ya WAV yenye ubora wa sidii, ni megabaiti 44. Ukiigeuza kuwa MP3 ya chaneli moja, kilobiti 32 kwa sekunde, ambayo kwa sauti ya mtu anayesimulia inasikika vizuri kabisa, inakuwa megabaiti 1. Ndani ya ukurasa ni kama 1.3. Wazee thelathini wakisimulia hadithi za urefu huo wanafikisha kama megabaiti 40, chini ya ile hadithi moja ya sasa. Video ya simu, dakika moja tu, yaweza kupita 100.

Kuna hasara, sikatai. Ukurasa wa namna hii hautakuwa na madoido ya programu ya simu, wala hautapeleka taarifa kwa mtu kwamba hadithi mpya imetoka. Marekebisho yakifanywa, mwenye nakala ya zamani anabaki na ya zamani mpaka aletewe kadi. Na jina la shule halitaonekana Play Store, jambo ambalo mwenyekiti linamwuma sana, naye ana haki ya kuumwa.

Lakini faida moja inanitosha. Katika njia hii sauti inabaki faili ya kawaida ya MP3, picha faili ya kawaida ya JPEG, maandishi ni maandishi. Ukurasa ni kikapu tu cha kuvibebea. Kikapu kikichakaa, waliobaki watasuka kingine na majani yatakuwa yale yale. Hilo PowerPoint haikutupa, na Flash haikuwapa wenyewe.

Na MP3 ina jambo lingine. Kabambe ya Kogo haina kivinjari cha maana, na kioo chake ni kama stempu. Lakini ubavuni, chini ya betri, ina tundu la memori kadi, na Kogo hulitumia. Kadi yake ina nyimbo za kanisa alizowekewa kibandani sokoni. Nilitia pale MP3 ya vitendawili vyangu, nikambonyezea. Alisikiliza vyote vitano, akasema cha tatu nimekikosea, akanirekebisha, nami nimerekebisha.

Kisha akaniuliza, na yeye je, ile hadithi yake iko wapi? Nikamwambia iko shuleni. Akasema anajua iko shuleni, ndiko alikoiacha. Anauliza inarudi lini.

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu liko kwa kamati. Kwa hivyo ninaleta hoja rasmi kwa mkutano wa kwanza wa muhula ujao: kwamba rekodi zote zigeuzwe kuwa MP3 na nakala zitolewe maabarani, kwamba kila mzee apewe yake kwanza, kwenye kadi, kabla hatujabishana tena kuhusu jukwaa, na kwamba kazi ya kwanza kutengenezwa kwa ukurasa wa faili moja iwe hadithi ya Chemosit. Nahitaji mtu wa kuniunga mkono. Anayetaka kuona ukurasa wa vitendawili, upo kwenye kompyuta namba tisa, na ile ya kinyonga nimeirekebisha.